Kiongozi wa Labour nchini Uingereza huchaguliwa na wanachama au na magazeti?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Wengi wetu tunaoishi Uingereza tukiwa raia wa Tanzania, Kenya au Uganda tuna haki ya kupiga kura katika uchaguzi mkuu wa huku, kwa kuwa sheria inawaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi hapa kihalali. Siasa hizi zinatuhusu. Na kila Labour, chama cha siasa cha wafanyakazi, inaposhindwa, mabishano ni yaleyale: mrengo wa kushoto unasema magazeti ndiyo yaliyotuangusha, wa kulia unajibu kwamba mlileta kiongozi asiyeuzika.

Mimi nasema hivi. Kwamba magazeti mengi ya Uingereza yanaelemea kulia, hilo halina ubishi. Ila nguvu yao kubwa haiko kwa mpiga kura. Iko kwa wabunge na viongozi wa chama chenyewe, wanaoyasoma alfajiri na kuyaogopa kuliko anavyoyaogopa mwananchi wa kawaida.

Chukueni mwaka 1992. Siku ya kura, Aprili 9, gazeti la The Sun la Rupert Murdoch lilichapa ukurasa wa mbele kichwa cha Neil Kinnock, kiongozi wa Labour wakati huo, kikiwa ndani ya balbu, likimwomba mtu wa mwisho kuihama Uingereza azime taa iwapo Kinnock angeshinda. John Major wa chama cha Wahafidhina akashinda, na siku mbili baadaye gazeti likajigamba kwamba lenyewe ndilo lililoleta ushindi. Lakini Wahafidhina walipata kura zaidi ya milioni 14, na waliiacha Labour kwa zaidi ya asilimia 7. Siamini kwamba pengo hilo lililetwa na ukurasa mmoja wa gazeti. Kinnock aliamini. Alipotangaza kujiuzulu aliyalaumu waziwazi magazeti yanayowaunga mkono Wahafidhina, na waliomrithi waliamini kuliko yeye.

Ndiyo maana Julai 1995 Tony Blair, kiongozi wa Labour wakati huo, alisafiri hadi Hayman Island, Australia, kuhutubia mkutano wa kampuni ya Murdoch. Machi 1997 The Sun likamuunga mkono, na katika uchaguzi wa Mei akapata viti 418. Watu husimulia mambo hayo mawili kana kwamba la kwanza lilizaa la pili. Wanasahau kwamba Wahafidhina walikuwa wamepoteza imani ya wananchi tangu pauni ilipoporomoka Septemba 1992, na Labour ilikuwa ikiongoza kura za maoni kwa mbali kabla hata Blair hajapanda ndege. Ushindi ule ulikuwa njiani. Kilichobaki ni mazoea: kiongozi wa chama cha wafanyakazi kwenda kupiga hodi kwa mwenye gazeti kabla ya kwenda kwa wananchi. Hilo linanikera mpaka leo.

Kisha akaja Jeremy Corbyn. Septemba 2015 alichaguliwa kuongoza chama kwa karibu asilimia 60. Watafiti wa chuo kikuu cha LSE cha London walipitia magazeti manane ya Septemba na Oktoba 2015, wakakuta takriban robo tatu ya habari ama zilipotosha maoni yake ama hazikuyaeleza kabisa. Juni 2016 wabunge wake mwenyewe 172 wakampigia kura ya kutokuwa na imani naye, 40 tu wakamtetea. Wanachama wakamrudisha kwa asilimia 61.8. Hapo ndipo hoja yangu inapoonekana: wanachama waliyasoma magazeti yaleyale na hawakuyumba. Walioyumba ni wabunge. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa Birmingham

Mkuu, naomba nitofautiane nawe. Umesimama 2016 kwa makusudi, twende 2019. Niligonga milango kuiombea Labour kura mwaka ule, na watu waliotukataa walikuwa na sababu zao. Wapo waliokerwa na msimamo wa chama kuhusu Umoja wa Ulaya: walipiga kura ya kujitoa, sisi tukawaletea habari ya kura ya pili. Wapo waliosema Corbyn si mtu wa kulinda nchi, na hilo hawakulitoa gazetini tu, walimsikia akizungumza baada ya lile shambulio la sumu la Salisbury la 2018, ambalo serikali iliilaumu Urusi. Tukaambulia viti 202. Boris Johnson wa Wahafidhina akapata 365.

Na lile la chuki dhidi ya Wayahudi ndani ya chama usilifunike kwa neno propaganda. Tume ya Usawa na Haki za Binadamu, chombo cha kisheria na si gazeti la Murdoch, ilisema Oktoba 2020 kwamba chama kilihusika na vitendo vya unyanyasaji na ubaguzi vinavyovunja sheria. Kila tukiulizwa tunanyoosha kidole kwa wahariri. Lini tutajitazama?

Mchangiaji wa Tanga

Ndugu zangu, mimi niko mbali na huko, ila nimekulia na redio ya BBC, Idhaa ya Kiswahili, nyumbani tukinyamazishwa taarifa ya habari ikianza. Swali langu: magazeti ni mali ya watu binafsi, na Daily Mirror nalo ni la Labour miaka yote. Kwa nini msiyaache yapendelee yanavyotaka, ilimradi BBC inayolipiwa na wananchi inasimama katikati?

Mleta mada

Nianze na wa Tanga, maana umegusa penyewe. Novemba 2015 taarifa ya jioni ya BBC ilionyesha Corbyn akijibu kuhusu polisi kufyatua risasi za kuua. Jibu lile alilitoa kwa swali la jumla, lakini taarifa ikaliwasilisha kama jibu la swali jingine, la shambulio la kigaidi kama lile la Paris. Januari 2017 baraza la usimamizi la BBC liliamua kwamba taarifa ile haikuwa sahihi na ilikiuka kanuni ya kutopendelea. Halikukuta dalili ya nia mbaya, na mimi sidai kuwepo. Mkurugenzi wa habari hakukubaliana hata na uamuzi huo.

Nadhani tatizo la BBC ni ratiba kuliko itikadi. Kurasa za mbele za magazeti husomwa na kujadiliwa hewani kila siku, na mbunge anayehojiwa asubuhi huulizwa kuhusu kilichoandikwa usiku. Gazeti ambalo husomi linachagua swali, redio unayoiamini inaliuliza. Daily Mirror lipo, kweli, ila ni moja dhidi ya The Sun, Daily Mail, Daily Telegraph na Daily Express kwa pamoja.

Sasa wa Birmingham. Kuhusu tume, nakubali bila masharti. Wanachama wa Kiyahudi waliumizwa ndani ya chama chetu, na ubaya wa The Sun haupunguzi hata chembe ya hilo. Suala la Ulaya pia umelisema vizuri, na linaunga mkono hoja yangu kwamba mpiga kura ana sababu zake. Ila 2017 umeiruka. Magazeti yalimwandama Corbyn vilevile, Daily Mail likatoa kurasa 13 za kumshambulia siku moja kabla ya kura, na Labour ikapanda hadi asilimia 40, ikaongeza viti 30, Waziri Mkuu Theresa May wa Wahafidhina akapoteza wingi wake bungeni. Kiongozi yuleyale, magazeti yaleyale, matokeo mawili tofauti ndani ya miaka miwili na nusu.

Halafu tazama Keir Starmer, aliyemrithi Corbyn. Mwaka 2020 aliwaomba wanachama kura akiahidi kuirudisha reli, posta, nishati na maji mikononi mwa umma. Ahadi hiyo ameipunguza mpaka imebaki reli. The Sun likamuunga mkono siku moja kabla ya kura ya Julai 2024. Akapata kura milioni 9.7, wakati Corbyn alipata milioni 12.9 aliposhindwa 2017, na milioni 10.3 hata katika ule mwaka mbaya wa 2019.

Mchangiaji wa Birmingham

Kura zilizorundikana katika majimbo machache ya mijini haziundi serikali, mkuu. Viti 411 alivyopata Starmer vinaunda. Corbyn alizipata kura zote hizo na hakupandisha mshahara wa mtu hata mmoja.

Mleta mada

Kweli, na kwa mtu wa kipato cha chini serikali ni bora kuliko upinzani wenye maneno mazuri. Lakini jiulize viti hivyo vimenunuliwa kwa nini. Uchunguzi wa Jaji Leveson kuhusu mwenendo wa magazeti, ulioanza 2011 baada ya kashfa ya waandishi kudukua simu za watu, ulikuwa na sehemu ya pili: uhusiano wa magazeti na polisi. Serikali ya Wahafidhina iliifuta Machi 2018. Ilani ya Labour ya 2017 iliahidi sehemu hiyo ifanyike. Ilani ya 2024 haikuitaja, na hakuna mpiga kura wa Birmingham wala Leicester aliyeomba iondolewe. Nani aliomba?