Yule Robyn wa "Show Me Love" aliishia wapi?

KandaMbili
Wakuu, salaam. Nina swali la kizamani. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kwenye banda la kurekodi kanda Morogoro mjini. Mteja analeta kanda tupu na orodha, tunamjazia. Wanafunzi wa bweni walikuwa hawakosi kuomba nyimbo mbili za binti mmoja wa Kizungu, Robyn: "Show Me Love" na "Do You Know". Akaja Britney, na huyu sikumsikia tena. Juzi nakuta jina hilohilo kwenye rimiksi ya "360" ya Charli XCX, ya 2024. Ndiye yuleyule? Kama ndiye, alikuwa wapi? Au ni mambo yaleyale ya watoto wanaokamuliwa wakiwa na miaka 15, wakifika 20 wanatupwa? Nawasilisha.

BahariaTanga
Mkuu, huyo ni Mmarekani mweusi, mtu mzima sasa. "Show Me Love" ilivuma 1993, muziki wa klabu haswa. Hata Beyoncé kwenye "Break My Soul" amechota humo.

ShangaziStockholm
Baharia, hao ni watu wawili, na si wewe wa kwanza kuwachanganya. Wako ni Robin S. Anayeulizwa ni Robyn kwa y, Mswidi, mzaliwa wa Stockholm 1979, jina la nyumbani Robin Carlsson. Nyimbo zao zina jina moja tu, basi.

KandaMbili, ndiye yuleyule. Mimi niko huku Uswidi, natunza wazee, na wenzangu wa zamu wanamjua tangu mtoto, maana 1991, akiwa na miaka 12, aliimba wimbo wa kipindi cha michezo cha watoto kwenye televisheni. Wazazi wake walikuwa na kikundi chao cha maigizo, wakizunguka nacho, kwa hiyo jukwaa hakufundishwa na meneja. Mwanamuziki Meja alimsikia shuleni akiimba wimbo alioutunga mwenyewe kuhusu wazazi wake kuachana. Alipofika miaka 14 alikuwa ameshasaini mkataba.

Hizo mbili ulizokuwa ukirekodi zilipikwa hapa Stockholm, studio ya Cheiron, kwa maprodyuza Denniz PoP na Max Martin, na zote mbili zilifika namba 7 Marekani mwaka 1997. Max Martin huyo ndiye aliyemwandikia Britney "...Baby One More Time" iliyotoka 1998. Sikio lako halikukudanganya: jiko lilikuwa lilelile, aliyebadilika ni mwimbaji.

Kwa nini yeye akapotea? Kwanza alichoka mpaka akaugua, akarudi nyumbani kupumzika wakati jina ndiyo linapanda. Pili, albamu iliyofuata. "My Truth" ilitoka Uswidi 1999, na ndani yake mna nyimbo zinazogusia mimba aliyoitoa akiwa binti. Wamarekani wakataka abadilishe, akakataa, na albamu haikutoka kule. Alikuwa na miaka 19! Nina binti wa umri huo. Akitaka kuniambia hapana mimi mama yake, anamtuma baba yake.

KandaMbili
Shangazi, asante sana. Ila kukataa hakulipi kodi ya nyumba. Baada ya hapo?

MzeeWaNamba
Tuseme ukweli jamani. Namba 7 mara mbili utotoni, baada ya hapo Marekani hana kitu. Alishuka. Tusimpambe kwa sababu ya huruma.

ShangaziStockholm
MzeeWaNamba, kwa chati ya Marekani peke yake sikupingi. Lakini ngoja.

Kama miaka mitano baada ya albamu hiyo alitengeneza wimbo na The Knife, dada na kaka wa huku wanaofanya muziki wa kompyuta. Lebo yake wakati huo ilikuwa Jive, na haikuupenda. Akaununua mkataba wake, akatoka, akafungua lebo yake mwenyewe 2005, akaiita Konichiwa. Albamu ya kwanza ya hapo akaipa jina lake tu, "Robyn", kama mtu anayejitambulisha upya. Mwaka 2007 wimbo wake na Kleerup, prodyuza wa huku, "With Every Heartbeat", ukakaa namba moja Uingereza. Alipokuwa mtoto wa lebo kubwa, namba moja ya Uingereza hakuwahi kuigusa. Kwa hiyo "alishuka" tuliweke pembeni kidogo.

Kuhusu kodi, KandaMbili: pesa zake sijazihesabu, ninachoona ni nani anashika usukani. 2010 alitoa "Body Talk" kwa vipande vitatu ndani ya mwaka mmoja, kisha akakaa hadi 2018 ndipo akatoa albamu nyingine yake peke yake, "Honey". Katikati akafanya kolabo alizozitaka, na akafiwa na Christian Falk, prodyuza aliyekuwa karibu naye. Mwimbaji aliyefungwa na mkataba angeruhusiwa kunyamaza miaka minane?

Na ile "Dancing On My Own" ni yake, ila wengi mnaijua kwa Calum Scott, taratibu, na piano. Ya Robyn inakwenda mbio na bado inaliza, nami naona ndiyo kazi ngumu zaidi. Jarida la Rolling Stone mwaka 2021 iliiweka ya 20 katika nyimbo 500 bora za nyakati zote. Machi 2019 mashabiki waliotoka kumtazama ukumbi wa Madison Square Garden waliiimba kwa pamoja wakiwa kituoni wanasubiri treni, New York nzima ikaona ile video. Huku kwetu, chuo kikuu cha teknolojia cha KTH kilimpa tuzo yake kuu 2013, akaanzisha nacho Tekla, tamasha la kuwafundisha teknolojia wasichana wa miaka 11 hadi 18.

MzeeWaNamba
Ya 20 kati ya 500? Haya, hapo nanyamaza. Kwa leo.

KandaMbili
Nimeelewa sasa. Siku hizi napiga muziki kwenye sherehe, na Jumamosi nina harusi Kihonda. Nichukue upi wa huyu dada?

ShangaziStockholm
"Dancing On My Own" usithubutu, ni mtu yuko kona ya klabu anamwangalia mpenzi wake akimbusu mwingine. "Call Your Girlfriend" ndiyo mbaya zaidi: anamwambia mwanamume ampigie yule wa zamani simu amwache rasmi. "Hang With Me" mdundo wake mtamu, ila anachosema ni usinipende kwa pupa. Kwa kweli wa harusi sina. Labda ukipata sherehe ya talaka.