Kichwa, macho kumetameta, na naambiwa "ni mimba tu": nitafute daktari mwingine?

fundi_wa_Kihonda – Jumatano, saa 12:40 jioni

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro, mimba ya kwanza, wiki ya 33. Naombeni mawazo yenu.

Toka wiki iliyopita kichwa kinagonga hapa mbele, juu ya macho. Panadol inakituliza kidogo kisha kinarudi. Miguu ilishavimba zamani, hilo sikulijali, kila mjamzito namwona na ndala. Sasa vimefuata vidole: pete imegoma kutoka, na nikiamka asubuhi uso mzito, kope zimejaa. Jana natunga uzi kwenye sindano nikaona vitu vinametameta pembeni ya jicho kama vimulimuli. Nikaacha gauni la watu mezani, nikakaa chini.

Leo nimeenda kliniki ninakohudhuria siku zote. Nesi kanipima presha nimeshuka tu kwenye bodaboda, jasho linanitoka: 148/96. Mkojo hawakupima, wanasema vitepe vimeisha. Daktari kaangalia ultrasaundi, kasema mtoto anacheza vizuri, presha ni ya joto na bodaboda, "ni mimba tu mama, pumzika, urudi Jumatatu." Nimefika nyumbani nikafungua kadi mwenyewe. Mwanzoni nilikuwa 100/60, baadaye 110/70, mwezi jana 126/80.

Mama mkwe anasema nipunguze chumvi, na kwamba uso ukivimba hivi tumboni kuna mtoto wa kike. Mume ni dereva wa lori, yupo kwenye foleni Tunduma. Swali langu ni hili: nikienda hospitali nyingine si nitaonekana namdharau daktari? Na kadi ya kituo kingine wataipokea? Au nivumilie tu mpaka hiyo Jumatatu?

NeemaTosha – saa 1:05 usiku

Pole dada. Mimi mimba ya pili nilivimba mpaka viatu vya mume wangu havikunitosha na nikajifungua salama. Usijitie hofu. Acha chumvi, kunywa maji mengi, lala miguu juu. Kuhamahama madaktari ndiko kunakochanganya dawa.

mkunga_mstaafu – saa 1:22 usiku

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi leba, huku Tanga, mpaka nimestaafu. Soma haya kisha uvae utoke. Usingoje Jumatatu. Hata kesho asubuhi usiingoje.

Mimba ikishapita wiki ya 20, presha ya 140/90 au zaidi haisingiziwi joto mpaka ipimwe tena. Ni kweli bodaboda inaweza kuipandisha, daktari hakusema uongo. Lakini ndiyo sababu mtu aliyetoka kwenye bodaboda anakalishwa kwanza: kiti chenye egemeo, miguu sakafuni, bila kusemeshwa, dakika 5 hivi, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo, ndipo anapimwa upya. Ukiwa na mkono mnene omba mkanda mkubwa, maana mdogo unazidisha. Na wasikupime umelala ubavu huku mkono uko juu, hapo namba inashuka kwa uongo. Wewe ulitakiwa kupimwa mara ya pili na hukupimwa. Sina haja ya kumsema mtu, nataka kipimo.

Ultrasaundi inamtazama mtoto. Presha yako haiijui, wala ini lako, wala figo. Mkojo unapimwa kutafuta proteini, na siku ya leo ndiyo hasa ulihitajika. Ila nikwambie, hata mkojo ukitoka safi, kichwa kisichosikia Panadol na macho kumetameta pamoja na presha hiyo vinatosha wewe kulazwa ukaangaliwa. Yakiongezeka maumivu ya chembe cha moyo au chini ya mbavu za kulia, kutapika, kifua kubana, kutokwa damu, au mtoto kupunguza kucheza, hayo ndiyo mabaya zaidi. Tunachokiogopa ni kifafa cha mimba, na hicho hakipigi hodi.

NeemaTosha, mwanangu, kuvimba miguu peke yake kweli ni jambo la kawaida, na wewe ndicho kilichokupata. Huyu ana kichwa, macho na presha. Kupunguza chumvi hakuzuii kifafa cha mimba. Na asitokee jirani wa kumpa vidonge vya kukojoza ili uvimbe ushuke.

Fundi, ukifika pale usianze na habari za cherehani. Sema mlangoni: "Mimba ya wiki 33, kichwa kinaniuma, naona vimulimuli, presha leo ilikuwa 148/96." Ukisema hivyo hawatakuacha kwenye foleni. Kisha omba presha irudiwe, mkojo upimwe, na damu ya ini, figo na chembe sahani (zile zinazogandisha damu). Kadi ni yako, imeandikwa ili kila kituo kiisome, na hizo namba zilizopanda kidogo kidogo ndizo daktari mpya atakazozishangaa kwanza. Kuhusu dharau, mimi nimepokea wagonjwa wa wenzangu na wangu wamekwenda kwa wenzangu, hakuna aliyenuna. Akinuna mtu, anune wewe ukiwa mzima.

Bi_Kisauni – saa 1:40 usiku

Dadangu, mie niko Mombasa. Mimba yangu presha haikuwa mbaya, nikajifungua, nikarudi nyumbani. Siku za mwanzo tu kichwa kikanishika, nyumbani wakasema ni uchovu wa kunyonyesha usiku. Nilizinduka wodini nimejing'ata ulimi, sijui nimefikaje. Haya maradhi yaweza kumshika mtu hata ndani ya arubaini, kwa hivyo ukishajifungua pia usikubali kuruhusiwa mbiombio kabla hawajakupima. Na kile kitabu cha mama na mtoto (nyie mwaita kadi) usimwachie mtu akuwekee. Wapige picha kurasa zote kwa simu.

baba_mapacha – saa 1:58 usiku

Shemeji, usiende peke yako na usipande bodaboda, ukianguka nani atajua. Kama usafiri ni tatizo piga 115, ni namba ya m-mama, usafiri wa dharura kwa wajawazito, kupiga ni bure. Mume mpigie ukiwa njiani, si kabla. Simwondolei heshima yake, ila mtu aliyekwama Tunduma hawezi kupima mkojo. Mama mkwe naye usibishane naye kuhusu mtoto wa kike. Mwambie, "Mama twende wote, wakisema ni mzima tunarudi tunakula." Wangu niliyatumia maneno hayo hayo na yeye ndiye akawa wa kwanza kupanda gari. Hospitali za serikali wajawazito kisera hawalipi, lakini weka chochote mkononi, kuna vitu unaweza kuambiwa ununue nje.

fundi_wa_Kihonda – saa 2:10 usiku

Mama mkwe kashika khanga na chupa ya chai, jirani anatoa gari. Naenda hospitali ya mkoa.

fundi_wa_Kihonda – Ijumaa, saa 10:15 jioni

Nipo wodini, nimeruhusiwa kushika simu. Usiku ule 162/108. Wakanikalisha kama mama mkunga alivyosema, wakarudia: 160/106. Proteini alama mbili. Nilisema yale maneno mlangoni nikavutwa ndani hapo hapo, kiti cha foleni sikukiona.

Wamenipa nifedipini ya kushusha presha na sindano ya magnesiamu salfeti ya kuzuia degedege. Jamani ile dawa! Mwili mzima unapata moto, nikadhani wamekosea. Nesi kasema ndivyo ilivyo, akawa anakuja kunigonga goti kwa kinyundo kuona kama mguu bado unaruka, na kupima mkojo unaotoka kwenye mpira. Nimechomwa pia sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Pete walitaka kuikata. Nikawaambia leteni uzi, nikamwelekeza nesi auzungushe kwenye kidole kwa kubana, aupitishe ncha chini ya pete, aufungue taratibu. Imetoka nzima.

Daktari wa hapa kanieleza bila kuzunguka: dawa zinanishikilia, haziniponyi, tiba ni kujifungua. Wanamvutia mtoto siku, kila siku damu na presha. Ikibadilika vibaya, au nikifika wiki ya 34, wanamtoa. Kasema pia mimba ijayo niwahi kliniki mapema sana, wataniangalia kama ninafaa kuanzishiwa aspirini ya dozi ndogo. Nikacheka, mimba ijayo tena! Mume kaacha lori kwa mwenzake, yuko kwenye basi.

Mama mkunga, swali moja. Mtoto wa wiki 34 ataweza kunyonya? Na hizi dawa haziharibu maziwa?

mkunga_mstaafu – saa 11:02 jioni

Dawa ulizotaja hazikuzuii kunyonyesha. Mtoto wa wiki 34 wengine wananyonya, wengine wanachoka haraka, hapo unakamua na anapewa kwa kikombe. Anza kukamua mapema ukishajifungua, wakikuambia huna maziwa waambie yanakuja kwa kukamuliwa. Na omba kangaruu: anawekwa kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mnafungwa kwa khanga, usiku na mchana. Mume akifika naye afundishwe, kifua anacho.