Mombasa tulinyang'anywa kazi kwa agizo la reli, na hakuna aliyewajibika mpaka leo

Ndugu zangu wa Pwani na wa bara, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kila mwaka twaletewa ramani mpya: daraja hapa, barabara kule, eneo maalum la kiuchumi Dongo Kundu. Kila ramani yaja na ahadi ile ile, kwamba uchumi wa Mombasa utafufuka. Mimi nauliza, walioudidimiza mbona hawatajwi?

Reli ya SGR, ile reli mpya ya kisasa ya Mombasa–Nairobi, ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, treni za mizigo zikaanza Januari 2018. Reli yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni vile ilivyotafutiwa pesa za kuilipia. Deni la China, mkopo uliojengea reli, lilikuwa linangoja, reli ikaahidiwa mizigo ya bandari, na mwenye mzigo akanyimwa hiari yake. Agosti 2019 likatoka agizo kwamba makontena ya kwenda bara yote yapande treni, yakakaguliwe na kulipiwa ushuru Embakasi, bandari ya nchi kavu ya Nairobi. Kontena lashushwa melini Kilindini, bandarini Mombasa, lapakiwa kwenye behewa, lapita Changamwe, Miritini na Mazeras bila kumwachia mtu hata shilingi. Likifika Nairobi bado lahitaji lori la kulifikisha kwenye ghala la mwenyewe! Basi nafuu ilikuwa ya nani?

Kuna watu wa bara walidhani twawalilia matajiri wenye malori. Hebu fikirieni lori moja lalisha wangapi. Dereva na tanboi wake, mlinzi wa yadi, wakala wa forodha na vijana wake wa kukimbiza makaratasi, fundi wa springi, muuza spea, kijana wa pancha, mwenye gesti ya Mariakani na ya Mtito Andei. Pale Changamwe kulikuwa na mama akipika mbaazi sufuria mbili kila alfajiri, na karai la mahamri pembeni, madereva wakila wamesimama kabla jua halijatoka. Yadi iliyokuwa jirani yake ilipoanza kupunguza watu, akabaki na sufuria moja. Baadaye ikawa chai na mahamri tu. Geti la yadi lilipofungwa kabisa, naye akang'oa mabati ya kibanda chake akayauza. Huyo hayumo katika ripoti yoyote ya mradi, na ndiye uchumi wa Mombasa ninaousema.

Watu hawakunyamaza. Mwaka 2019 waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu, na wapo waliokamatwa. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa hapa Mombasa ikasema agizo lile lakiuka katiba. Hata hivyo tukangoja mpaka Septemba 13, 2022, Rais Ruto alipoapishwa na kutangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zarudi Mombasa. Tulishangilia, na nashukuru kwa hilo. Lakini yadi iliyokufa haifufuki kwa tangazo. Fundi aliyeuza jeki na kompresa zake ili alipe karo, vifaa hivyo amerudishiwa na nani?

Na abiria je? Stesheni ikawekwa Miritini, mbali na mji, wakati stesheni ya zamani iko katikati ya kisiwa. Mgeni akishuka treni na mizigo yake kwa miaka alikuwa akitegemea matatu au teksi, na akitaka hoteli za Diani apita huko nje bila hata kulitia macho soko la Marikiti. Wapangaji wa mradi wa mabilioni hawakuliona hilo?

Barabara ya Dongo Kundu nitaisifu, maana yastahili. Lori la kwenda Kwale au Lunga Lunga halina haja tena ya kuingia kisiwani na kupanga foleni ya feri. Huo ndio uchukuzi unaomsaidia mtu. Lakini anayetoka Likoni kwa miguu kwenda kazini mjini bado roho yake iko kwenye feri, na daraja la Likoni tumelisikia tangu tukiwa watoto wa shule.

Ninachotaka si kikubwa. Kabla hawajatuletea mradi mwingine, waandike wazi ni kazi gani zitapotea, za nani, na watafidiwa vipi. Wakazi wa Dongo Kundu wanaopisha mradi walipwe kwanza, tingatinga lije baadaye. Na hiari ya mwenye mzigo kuchagua lori au treni ilindwe kwa sheria, isiwe kitu ambacho waziri aweza kukifuta kwa barua moja.

Wabunge wetu wa Pwani, ninyi mliokuja kutuomba kura kwa jina la bandari, mswada wa kulinda hiari hiyo uko wapi?

Mliofanya kazi kwenye yadi za makontena kabla ya 2018, andikeni hapa chini mlikuwa mtaa gani, kazi gani, na sasa mwafanya nini. Majina si lazima. Nataka majibu yenu yakusanywe yapelekwe bunge la kaunti, yasomwe mbele yao.