Mjadala: Mapinduzi ya Ufaransa yaligeuka lini hasa, Bastille au Varennes?

Kalamu Kavu: Wadau, kila ikifika Julai 14 ni Bastille, Bastille. Mimi nasema Bastille imepewa sifa isiyo yake. Siku ile ya 1789 umati ulipoivamia ngome hiyo ya Paris, mle gerezani walikutwa wafungwa saba tu! Kilichoivuruga Ufaransa moja kwa moja ni usiku wa Juni 20, 1791, mfalme Louis XVI alipojivika nguo za mtumishi akatoroka Paris na familia yake kuelekea mpaka wa mashariki. Drouet, msimamizi wa kituo cha kubadilishia farasi pale Sainte-Menehould, akamtambua, wakamkamatia Varennes. Na nyuma alikuwa ameacha waraka wa kuyakana mambo aliyokuwa akiyakubali hadharani. Kabla ya hapo wengi walitaka mfalme anayefuata katiba. Baada ya hapo unamtetea vipi mtu aliyekukimbia? (Shuleni tulikaririshwa Bastille kwa sababu walimu wenyewe walikuwa hawajui zaidi.)

Ticha Mstaafu: Hayo ya kwenye mabano ndiyo yamenifanya niandike. Nimefundisha historia kidato cha tano na sita mpaka nikastaafu, kitabu kimoja darasa zima, na Varennes nimeifundisha. Wapo waliokuwa wanasinzia karibu na dirisha, leo ndio wachambuzi.

Mpiga Soga: 😂😂😂 Karibu na dirisha! Mleta mada, umepatikana.

Msomi wa Kijiweni: Kalamu Kavu, habari ya wafungwa saba haina uzito. Hakuna aliyekwenda Bastille kufungulia watu. Asubuhi ile umati ulishachukua maelfu ya bunduki pale Invalides, makao ya askari wastaafu, baruti hawana, na baruti ilikuwa Bastille. Mkuu wa gereza, de Launay, kichwa chake kikazungushwa mitaani juu ya mkuki. Kesho yake mfalme akatangaza kuwaondoa askari aliowakusanya kuizunguka Paris, Bunge la wanamapinduzi likapumua. Bila hivyo lisingefika hata hiyo 1791 yako.

Kalamu Kavu: Mwalimu, shikamoo. Sikukutaja mtu. Lakini kama kofia imekutosha, uivae tu. Wa kwetu alikuwa anasoma notisi za mwaka juzi, ukiuliza swali unaambiwa “hilo haliji kwenye mtihani”.

Ticha Mstaafu: Marahaba. Na kweli haliji.

Dada wa Sokoni: Naona mnahesabu wanaume tu. Oktoba 5, 1789, wanawake wa Paris, wengi wao wa sokoni, walikwenda kwa miguu hadi Versailles, kwenye kasri la mfalme, mvua inawanyeshea, wanadai mkate. Kesho yake wakarudi na mfalme, malkia na watoto. Huyo Louis wenu wa Varennes alikuwa anatoroka alikoletwa na akina mama.

Mpiga Soga: Si ndipo malkia aliposema kama hawana mkate wale keki?

Dada wa Sokoni: Wewe nawe! Kisa hicho mwandishi Rousseau alishakiandika Marie Antoinette akiwa bado mtoto kwao Austria, na jina lake halimo. Mwanamke akishachukiwa, kila neno baya linakuwa la kwake.

Wa Kilwa: Nawasoma tangu mwanzo, mnavyowashangilia Wafaransa utadhani wajomba zenu. Mwaka 1776 Mfaransa mmoja mfanyabiashara ya watumwa, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watu 1,000 kila mwaka, wapelekwe Île de France, ndiyo Mauritius ya leo. Miaka 13 baadaye wanaandika Paris kwamba watu huzaliwa huru. Na walipofuta utumwa Februari 4, 1794, walowezi wa Île de France na kisiwa jirani cha Réunion waligoma. Wajumbe waliokuja kuwasimamia 1796 walifukuzwa, wakapakiwa melini. Hayo mapinduzi kwetu hayakufika.

Msomi wa Kijiweni: Ndugu, mkataba una pande mbili. Upande wa pili ni nani, si Sultani wa huko huko kwenu?

Wa Kilwa: Ulijua tu utakimbilia hapo. Sultani hakuwa na mashamba ya miwa baharini. Usiniletee hoja za mwenye meli.

Msomi wa Kijiweni: Nimeuliza swali, sijauza mtu. Punguza jazba.

Kalamu Kavu: Jamani, tusitoke nje ya mada...

Dada wa Sokoni: Mada ndiyo hii sasa. Hata hiyo 1794 Paris haikutoa zawadi. Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, waliinuka Agosti 1791, miezi miwili baada ya Varennes yako, na Agosti 1793 mjumbe wa Ufaransa, Sonthonax, akatangaza uhuru wa watumwa kaskazini mwa koloni hilo kwa sababu vita vilimzidi. Paris ikagonga muhuri baadaye. Mwaka 1802 Napoleon akaurudisha utumwa. Toussaint Louverture, kiongozi wa watumwa walioinuka, akafia kwenye baridi ya ngome ya Joux huko Ufaransa, Aprili 1803. Haiti ikawa huru Januari 1, 1804, na 1825 ikalazimishwa kuahidi faranga milioni 150 kuwafidia waliokuwa wakiimiliki.

Mpiga Soga: Umeshinda vita halafu unalipa wewe?? Hii ligi ina refa gani?

Wa Kilwa: Mwalimu, hili nalo haliji kwenye mtihani?

Ticha Mstaafu: Kilwa nilifundisha kwenye biashara ya utumwa, Ufaransa kwenye demokrasia ya Ulaya. Mada mbili tofauti, vidato tofauti. Kuunganisha ni kazi ya mwanafunzi, ila awe macho.

Msomi wa Kijiweni: Swali langu bado lipo. Haiti walidaiwa na Paris. Ninyi wa Kilwa mnamdai nani, Paris au ukoo wa Sultani?

Wa Kilwa: Wote wawili. Na wewe ukishatutajia ukoo wako, tutaangalia kama umo kwenye orodha.