Naomba ushauri: Mumbai hadi Chennai na mgonjwa, ndege au treni?

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao nampeleka mama Chennai kutibiwa mgongo. Tunatoka Dar na ndege ya moja kwa moja mpaka Mumbai. Kutoka hapo ndipo nimekwama.

Kwa angani Mumbai hadi Chennai ni kama kilomita 1,030, ndege inatumia karibu saa mbili. Treni inazunguka, inapita kilomita 1,200 na inachukua karibu siku nzima. Nauli ya treni ni nafuu na ana nafasi ya kulala, ila mama akikaa nusu saa tu anaanza kujishika kiuno na kuuma mdomo, hasemi. Naogopa ngazi za behewa na choo cha kwenye treni.

Kwenye ndege ninachoogopa ni kuunganisha. Uhamiaji na mizigo tunamalizia Mumbai, na ndege nyingine za ndani zinaondokea jengo tofauti. Saa nne katikati zinatosha kwa mtu wa kiti cha magurudumu? Au tulale Mumbai usiku mmoja?

Aliyewahi kumsafirisha mgonjwa njia hii anisaidie, tiketi sijakata bado.