Mafuta ya makonyo kwenye dawa ya kantangaze, nani kajaribu?

mkulima_ilula
Wakuu habari, nina ekari moja ya nyanya hapa Ilula na kantangaze, yule mdudu anayechimba majani na matunda, ananitoa jasho. Nimepiga dawa nikarudia tena, ila nikiinua jani kwenye jua namuona kiwavi bado anatambaa mule ndani kama nimepiga maji. Sasa kuna jamaa anasema nichanganye na mafuta ya makonyo (vile vikonyo vya karafuu) ya Pemba eti dawa inapata nguvu. Kweli au ananiuzia tu mafuta yake?

bi_shamba
Kaka mi nilijaribu ya karafuu msimu uliopita, nikatia vizibo vya soda kama vitano kwenye bomba la lita 15, saa saba mchana jua linawaka na sabuni sikuweka. Mafuta yakaelea juu, miche ya mwanzo ikala maji, ya mwisho ikala mafuta matupu, majani yakawa kama yamepigwa pasi.

dawa_na_wadudu
Jamaa hajadanganya yote. Mdudu aliyezoea sumu anakuwa na vimeng'enya vingi mwilini vinavyoivunja kabla haijamdhuru, na baadhi ya mafuta ya mimea yanavibana hivyo vimeng'enya. Sio jambo geni, mwaka 1940 walishaona mafuta ya ufuta yanaiongezea nguvu pareto, na ile PBO, kiongeza nguvu kinachowekwa pamoja na dawa kwenye baadhi ya vyandarua vya siku hizi, kazi yake ndo hiyohiyo.

Ila sio kila dawa!! Klofenapiri kwa mfano inahitaji hivyohivyo vimeng'enya ili iamke ndani ya mdudu, ukivibana umeidhoofisha dawa kwa mkono wako mwenyewe. Yako ipi mkuu? Angalia kiini kwenye lebo, usiniambie jina la chupa.

mkulima_ilula
Nimetoka stoo sasa hivi, klofenapiri 😩 na hela ya chupa mbili jamaa kashakula

dawa_na_wadudu
Basi usichanganye. Chuma majani yenye michirizi na matunda yaliyotobolewa uyafukie, na awamu ijayo badili kundi la dawa (inayoua kwa njia nyingine), sio chapa. Ukitaka kujaribu mafuta na dawa ya kundi lingine anza na miche kumi jioni, sabuni ya maji kidogo, tikisa bomba muda wote, subiri siku tatu uone majani.

bi_shamba
Hizo chupa weka ndani kaka, jino likikuanza usiku utanikumbuka 😂