Jaketi la umeme kwenye pikipiki ya 150, volti zashuka: naomba ushauri kabla ya safari ya Nyahururu

BaraniBoda, Malindi

Asalaam aleikum wandugu. Nawaomba wanaojua umeme wa pikipiki wanisaidie. Julai natoka Malindi kwenda Nyahururu, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Sisi wa huku tumezoea jasho. Baridi ya alfajiri kutoka Gilgil mpaka Ol Kalou si ya kuichezea. Nimenunua jaketi la umeme la wati 45 na glavu za wati 24 kwa jozi, zote za volti 12. Betri ni ya 5Ah (ampea 5 kwa saa moja), taa kubwa ni globu ya wati 35, na nimeongeza spoti laiti mbili za wati 20 kila moja.

Mita ndogo ya volti nimeifunga kwenye waya wa jaketi. Injini ikiwa mizunguko 4,000 kwa dakika yasoma hivi: bila kitu 13.9, jaketi peke yake 13.0, jaketi na glavu 12.5, nikiongeza spoti 12.0 na honi yafifia. Fundi mmoja ameniambia ninunue betri ya 9Ah. Je, ninunue?

FundiMaweni

Waaleikum salaam yakhe. Betri usinunue. Betri ni mtungi. Hauongezi maji, wayaweka tu. Anayechota ni magneto, ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini, na magneto ya pikipiki nyingi za 125 na 150 hutoa baina ya wati 80 na 120 injini ikizunguka 5,000. Ikinguruma tu kwenye foleni, haitoi hata nusu ya hizo.

Sasa jumlisha matumizi yako. Moto wa plagi, taa ya nyuma na dashibodi, weka wati 25. Taa kubwa 35. Jaketi 45. Glavu 24. Spoti 40. Hizo ni wati 169. Tuseme magneto yako ni ya 100: wadaiwa wati 69, na ukigawa kwa volti 12.5 ni kama ampea 5 na nusu zinazochotwa kwenye betri muda wote. Betri ya 5Ah haimalizi saa moja. Ya 9Ah, ukiwasha vyote kuanzia Naivasha, haikufikishi Nyahururu, na ikiisha yataka muda mrefu zaidi kujaa.

Volti zisome hivi injini ikiwa inakimbia: 13.5 mpaka 14.5 betri yajaa. Karibu 13 inajishikilia tu. Chini ya 12.7 betri ndiyo inayolipa deni. Ikipita 15 rektifaya (kile kifaa kinachogeuza umeme wa magneto uwe wa betri na kuzuia volti zisizidi) imekufa, simama, maana betri itachemka. Na asubuhi, kabla ya kuwasha, betri nzima iliyotulia husoma 12.6 mpaka 12.8; 12.2 ni nusu.

Bi_Ampea

Nayaunga mkono ya Fundi, lakini kaka Barani, hiyo mita umeifunga mahali pabaya. Ukiifunga kwenye waya wa jaketi, inasoma volti za betri ukitoa zile zinazopotea njiani. Ihamishie kwenye nguzo za betri, kwa waya wake wenyewe wenye fyuzi ya ampea 1, ipite kwenye relei (swichi inayoendeshwa na umeme) ili isinyonye betri pikipiki ikiwa imezimwa.

Halafu pima upotevu. Hapa ndipo pikipiki za Pwani huonewa bure: watu hubadilisha magneto nzima kumbe ni chumvi. Chukua mita ya mkono, iweke volti za DC (umeme wa betri), skeli ya 20. Injini 4,000, jaketi na glavu vimewashwa.

Kwanza, sindano nyekundu kwenye waya wa chanya unaotoka rektifaya, nyeusi kwenye chanya ya betri. Isizidi 0.2. Pili, sindano moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ardhi wa rektifaya. Vilevile 0.2. Tatu, kutoka chanya ya betri hadi chanya ya soketi ya jaketi; hapo hata 0.3 si vibaya. Palipozidi ndipo penye ugonjwa.

Kuchoma sindano kwenye ganda la waya ni marufuku huku kwetu. Tundu moja dogo, hewa ya bahari yaingia, na baada ya miezi shaba ndani imekuwa unga wa kijani. Ingiza sindano kwa nyuma ya konekta.

ShelaMatatu

Suala la taa kubwa halijaguswa. Wengi watakwambia weka LED, lakini hakikisha kwanza taa yako inakula wapi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa kubwa ikiwaka, inakula kwenye betri, na globu ya LED ya wati 15 itakuokolea wati 20. Isipowaka mpaka injini ingurume, basi inakula moja kwa moja kwenye koili ya taa ya magneto, umeme wa AC (ule unaogeuka mwelekeo, usiopita betri). Hapo kuweka LED hakuongezi hata ampea moja kwenye betri, na taa itapepesa.

Kwa pikipiki za aina hiyo ya pili, dawa yenyewe ni kufungua magneto, kung'oa ncha ya koili iliyounganishwa na bodi (chuma cha injini), kuitoa nje kwa waya wake, na kuweka rektifaya inayotumia mawimbi yote mawili. Kisha taa zote zihamishiwe kwenye betri. Ni kazi ya solda ndani ya mafuta na joto, apewe anayeijua. Na kosa la kawaida: mtu apima koili ya mfumo wa zamani, aona imeshikana na bodi, asema imeungua. Ndivyo ilivyoundwa! Kushikana na bodi ni ugonjwa kwa zile za nyaya tatu zinazofanana rangi.

FundiMaweni

Kweli kabisa. Sasa ufungaji wa jaketi, na tafadhali usiukwanyue umeme kwenye waya wa honi wala wa taa. Nunua relei ya pini nne. Pini 30 itoke chanya ya betri, fyuzi ikae ndani ya sentimita 15 kutoka betri. Pini 87 iende kwa soketi ya jaketi. Pini 86 ichukue waya unaopata umeme swichi ikifunguliwa tu. Pini 85 ardhi. Hasi ya jaketi irudi betri yenyewe, si kwenye bolti ya fremu iliyoshika kutu.

Jaketi na glavu ni wati 69, kwa volti 13 ni ampea 5.3. Fyuzi 7.5, waya wa milimita 1.5 za mraba. Usiweke fyuzi ya 15 "ili isikatike". Fyuzi yalinda waya, na waya ukiyeyuka chini ya kiti, tangi la petroli liko mbele yake.

Ongeza kidhibiti joto cha hatua, siyo swichi ya washa-zima. Kikiwa nusu, matumizi ya wastani yanashuka nusu, ingawa kila kinapowasha kinavuta ampea zote, ndiyo maana fyuzi haipunguzwi. Na juu ya jaketi vaa koti lisilopitisha upepo. Upepo ukikatwa, nusu ya joto yatosha.

Bi_Ampea

Nyongeza mbili za usalama. Glavu nyingine huuzwa na betri zake ndogo za volti 7.4, hizo hazichomekwi kwenye volti 12 hata kwa dakika moja. Na jaketi livaliwe juu ya fulana, lisiguse ngozi. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za vidole aziache glavu hizi, anaweza kuungua asijue.

BaraniBoda

Shukran sana, nimefuata yote. Taa yangu yawaka bila injini, nimeweka LED ya wati 15. Rektifaya hadi betri ilikuwa imepotea 0.7! Konekta ina kijani, na pini moja plastiki yake imekuwa kahawia.

Bi_Ampea

Umeipata. Ampea 5 zikipoteza volti 0.7 ni wati 3 na nusu zinazopika konekta. Toa hasi ya betri kwanza, kisha pini zile nyingine zisugue kwa msasa laini, zipulizie dawa ya kusafisha umeme, zipake vaselini kidogo kwa nje baada ya kuunganisha. Iliyogeuka kahawia usiisafishe, ikate uweke mpya. Chemchemi yake imeshalegea kwa moto. Na rektifaya isifichwe nyuma ya mzigo. Umeme wa ziada inaugeuza joto, lazima ipigwe na upepo.

BaraniBoda

Nimebadilisha pini. Upotevu sasa 0.15. Kwenye nguzo za betri, 4,000, spoti zimezimwa: jaketi nusu na glavu nusu 13.6. Vyote kamili 13.2. Ikinguruma polepole, 12.6. Hiyo 12.6 ni tatizo?

FundiMaweni

Si tatizo, ndiyo tabia yake. Kwenye foleni ya Mlolongo, au ukisimama na injini inaunguruma, zima jaketi. Spoti laiti ni za ukungu wa Kinungi. Ukiziwasha, zima jaketi na glavu mpaka utoke, taa kubwa isiguswe. Panda milima kwa gia ya chini kidogo, injini isishuke 4,000.

Ukibakisha dakika 20 kufika, zima joto lote ili betri ijaze. Asubuhi pima kabla ya kuwasha: 12.5 kwenda juu, endelea. Ikiwa 12.2, piga kiki badala ya stata, na jioni yake omba chaja ndogo ya nusu ampea, iache usiku kucha.